Nishani Tatu za Baba na Hina ya Jumamosi

Juzi mjukuu wangu Shamim alipokuwa anaolewa, wasichana walikoroga hina sebuleni kwangu hapa Bwaise, ndani ya bakuli la plastiki, wakaitia ndimu na chai ya rangi. Mimi niliinuka nikatoka nje, nikakaa karibu na mtaro, nikavuta harufu ya mtaro. Wakasema bibi ana presha. Presha ninayo, sikatai, lakini haikunitoa presha. Hina mbichi ikinipiga puani mimi ninarudi mtoto wa miaka tisa, niko Mbuya, na ninapiga vigelegele siku ambayo hata jogoo angeona haya kuwika.

Nyinyi wa umri wangu mnaijua miaka ninayoisema. Miaka ya kutafuta sabuni kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea. Miaka ambayo gari likisimama nje ya nyumba, watu wa ndani wanaacha kutafuna.

Baba yangu alikuwa rubani wa ndege za vita. Nimeandika hivyo na ninaandika tena: alirusha ndege. Mtoto wa mchoma nyama wa Bombo, wa damu ya wale askari wa zamani walioletwa na Wazungu kutoka Sudan, alipelekwa ng'ambo nchi ya baridi, akarudi anajua kupaa na anajua matusi ya huko. Lakini pikipiki alikuwa anaiogopa. Hapandi hata umpe nini. "Pikipiki haina akili," alisema. "Ndege ukiiheshimu inakuheshimu." Safari zote alizipima kwa chai. Kutoka Entebbe kwenda Gulu, alisema, maji hayajachemka. Kwenda Arua, yamechemka na majani yametiwa. Akirudi nyumbani alilala kifudifudi kwenye mkeka, mimi nikamkanyaga mgongo kwa miguu yangu miwili, kwa sababu kiti cha ndege kilikuwa kinamuumiza uti. Alinuka mafuta ya taa na sigara. Mpaka leo sijakutana na mwanamume mwenye harufu nzuri kuliko ile.

Alikuwa na nishani mbili, anaziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ya kwanza alipewa kwa kutumikia miaka mingi bila kosa. Ya pili alipewa siku gurudumu moja la ndege lilipokataa kushuka, naye akaileta chini nzima. "Nilitua kama bata mlevi," aliniambia, "lakini bata hakuvunjika." Siku moja niliziiba nikazisugua kwa majivu na ndimu, vile tulivyosugua sufuria, mpaka rangi ya dhahabu ikatoka pembeni. Mama akanizaba kofi. Baba akaigeuza ile nishani, akacheka. "Mwache mtoto. Sasa inaonekana imefanya kazi."

Najua kuna mtu atauliza: na mabomu alimwangushia nani? Nami nimejiuliza, na nywele zimeniota mvi nikijiuliza. Huko chini kulikuwa na watoto wenye miguu kama yangu. Mimi nampenda Baba na hilo nalijua, yote mawili yanakaa ndani ya kifua kimoja na hayasalimiani.

Vita na Watanzania vilipoanza, Baba alikwenda Entebbe akakaa huko. Sisi tulibaki kwenye nyumba za askari chini ya kilima cha Mbuya, mistari ya vyumba vya mabati, ukuta mmoja, mtu akikohoa kwake wewe unamwambia pole kwako. Tulikuwa watatu: Mama, mimi, na Haboba. Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa amemzaa Baba, naye alikuwa mwanamke mkavu, mdogo, mwenye ulimi wa wembe.

Siku moja mchana akaja Fundi Musa, rafiki wa Baba aliyekuwa anatengeneza ndege hukohuko Entebbe. Alikuja kwa miguu, hana sare. Akaomba maji, akanywa kikombe, akaomba kingine, na kikombe kilikuwa kinagonga meno yake. Haboba alikuwa anachambua mchele. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Wewe, nenda dukani ukatafute chumvi."

"Haboba, chumvi haiko. Jana niliuliza."

"Nenda ukatafute chumvi."

Nilipofika dukani mwenye duka alinicheka. Niliporudi Fundi Musa alikuwa ameondoka. Mama alikuwa amekaa sakafuni, ameuma ncha ya kitambaa chake, ameijaza mdomoni kama mtu anayeziba chupa. Redio ilikuwa imefunguliwa juu kabisa, inapiga muziki wa beni, na mtu wa redio akasema ndege zetu zote zimerudi salama.

Nitawaambia sasa nilichokuja kukijua baadaye, msije mkatangatanga kama nilivyotangatanga mimi. Ndege ya Baba ilikuwa imeanguka. Fundi Musa aliihesabu ilipoondoka na hakuihesabu iliporudi, na rubani mwenzake aliiona ikishuka inawaka. Lakini wakubwa walikuwa wamesema hakuna ndege iliyoanguka. Kwa hiyo mtu akilia ameiita redio mwongo, na kuiita redio mwongo ni kumsaidia adui. Katika mstari wa juu yetu mke wa askari mmoja alikuwa amemlilia mumewe. Gari lilikuja saa nne asubuhi, watu wakiona, na yule mama hakurudi. Sufuria yake ilibaki jikoni na maharage ndani mpaka yakaota.

Basi Mama akafiwa kimyakimya. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, hajitii manukato, hagusi hina. Mama akaikaa eda yake kwa kuiba, kama mtu anayekula mwezi wa Ramadhani. Akavua herini. Akajifunga nguo moja isiyo na maua. Kile chetezo chake cha udongo, ambacho alikiwasha kila jioni nyumba ikafuka udi, akakigeuza kifudifudi chini ya kitanda. Mimi nikaambiwa, "Baba yako yuko safari. Mama yako miguu inamuuma."

Lakini mtoto si mjinga, ana ujinga wake tu. Kwenye bomba la maji wasichana wakubwa waliniuliza, "Mbona mama yako hajipambi tena?" Nikasema miguu inamuuma. Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika.

"Kwani anapakaza manukato kwa miguu? Huyo amenuna. Baba yako ameoa."

"Hajaoa!"

"Kaulize! Mwanamke wa Kinubi akiacha udi, bwana amepata mwingine. Yuko Gulu huko, anapikiwa kisra na bibi arusi."

Nilirudi na ndoo kichwani, maji yananichuruzikia mgongoni, na kila kitu kikakaa mahali pake. Ndiyo maana Fundi Musa alikuja na aibu. Ndiyo maana Mama aliuma kitambaa. Baba ameoa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimkasirikia Mama. Nilisema moyoni: akijipamba, Baba atarudi. Mwanamke mkaidi gani huyu anakaa ananuka moshi wa kuni tu?

Wiki mbili hivi zikapita, likaja gari. Alishuka Afande Kassim, mtu wa usalama, miwani myeusi, viatu vya kisigino kirefu. Watu wa namna yake tuliwaogopa wote, lakini huyu tulimwogopa zaidi kwa sababu alikuwa wa kwetu, Mnubi, aliyelelewa na mama na shangazi kama sisi. Mgeni unaweza kumdanganya. Huyu anajua chumvi inakaa wapi jikoni mwako.

Akaingia, akaketi kwenye kiti cha Baba. Kazi ya serikali aliifanya kwa Kiswahili cha kambini. "Mama ya nyumba iko wapi? Aje."

Mama akaja, kichwa chini. Kassim akatoa kiboksi cha bluu, akakifungua. Ndani kulikuwa na nishani mpya, kubwa kuliko zile mbili, utepe wake haujakunjwa hata mara moja.

"Hii ya bwana yako. Ya ushujaa. Yeye iko kazini, mbali, hawezi kuja kuchukua. Jumamosi mimi nakuja na mtu wa picha. Gazeti inataka bibi ya shujaa, anavaa nishani yote, anacheka. Watu waone askari yetu iko hai na bibi yake iko furaha. Umesikia?"

"Nimesikia, afande," Mama akasema.

Kassim hakuinuka. Akavua miwani. Akavuta pumzi kwa pua, polepole, akageuza kichwa huku na huku, kama paka aliyeingia nyumba ngeni. Halafu akasema kwa lugha yetu, sauti ya chini, "Nyumba hii haina udi."

Mimi niliona hapa ndipo pa kumsaidia Baba. Nikasema kwa sauti ya shuleni, "Mama amekataa udi. Tangu siku aliyokuja Fundi Musa."

Nimezaa watoto sita, nimezika wawili, nimekimbia risasi. Sijatazamwa tena vile. Mama alinitazama, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Fundi Musa," Kassim akasema. "Alikuja kusema nini?"

Haboba akaangua kicheko. Alicheka mpaka akajipiga paja. "Eh, mtoto huyu, kinywa kama kapu bovu! Amekwisha kutuvua nguo! Unataka kujua, mwanangu? Basi sikia aibu yetu. Mwanangu ameoa huko Gulu. Kimya kimya, bila kuniambia mimi niliyemzaa! Akamtuma Musa alete habari kama mtu anayeleta barua ya posta. Tangu siku hiyo huyu mkwe wangu amesusa. Udi hawashi, hina hapaki, na mimi nalishwa uji bila sukari kana kwamba ni mimi niliyeolewa!"

Ndiyo hayo mliyosoma. Uongo ambao Haboba aliuchuma hewani kumwokoa Mama ndio ule ule niliokuwa nimeuamini mimi. Mimi niliitikia kwa kichwa kwa nguvu, naam, naam, na nadhani ni kichwa changu kilichomfanya Kassim aulegeze mdomo.

"Wivu," akasema. Akavaa miwani yake. "Mke mwenye akili akiletewa mwenzake anajipamba mara mbili. Jumamosi nataka nyumba inukie. Na mikono iwe na hina. Nikikuta mikono mitupu," akasimama, "nitakuwa nimeelewa kitu kingine."

Gari lilipoondoka Haboba aliacha kucheka kama mtu aliyezima taa. Alikaa chini, akashika goti la Mama. Nikafukuzwa nje, lakini ukuta wa bati hauna siri.

"Siwezi," Mama alikuwa anasema. "Mama, siwezi. Hina na yeye hana hata kaburi?"

"Utapaka."

"Ni haramu."

"Haramu nitaibeba mimi. Mimi ni mzee, mgongo wangu umezoea mizigo. Wewe unafikiri mimi sitaki kulia? Yule ametoka tumboni mwangu. Kila nikimeza uji namwona. Lakini wakikuchukua wewe, huyu mtoto atabaki na nani? Na mimi, bibi kizee anayelala saa mbili?"

Mimi nilisikia maneno hayo, hata lile la kaburi, na sikuyaelewa. Mtoto akishaamua jambo, anasikia linalolifaa tu. Nilisikia "utapaka". Nikaruka.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri Haboba alikoroga hina. Aliipata kwa jirani mwenye arusi, akatia ndimu, akaifunika. Mama alinyoosha mikono juu ya mto kama mtu anayenyoosha mikono kufungwa pingu. Haboba akachovya kijiti akachora, mama wa maiti anampamba mjane wa maiti, na midomo yake yote miwili ilikuwa imeingia ndani. Chozi moja la Mama lilidondoka kwenye kiganja likaharibu ua. Haboba akalichora upya.

Mimi nilifurahi! Nilisema moyoni, sasa wamepatana, Baba atarudi. Nikasimama katikati ya chumba nikaimba nyimbo za arusi nilizozijua, nikacheza, nikapiga vigelegele vile virefu. Mama akafumba macho. Nilidhani Haboba atanizaba kofi. Hakunizaba. "Ongeza sauti," akaniambia. "Majirani wasikie." Nikaongeza.

Jumamosi walikuja kabla ya adhuhuri, Kassim na kijana wa picha mwenye kamera shingoni. Chetezo kilikuwa kinafuka. Mama alikuwa amevaa gurbaba yake ya arusi, ile nguo yetu yenye urembo wa kushonwa, na kifuani Haboba alikuwa amembandika nishani zote tatu, zile mbili za kopo na hii ya kiboksi. Nzito zile, zilikuwa zinavuta kitambaa chini. Alikaa kwenye kiti cha Baba.

"Cheka, mama," kijana wa picha akasema.

Mama hakucheka. Mdomo ulijaribu ukakataa.

"Kidogo tu, nyabo. Kama mtu ameona sukari."

Kassim alikuwa ameegemea mlango. Mimi nikaenda nikamshika Mama goti. "Mama, cheka. Baba ataiona picha, ataona umejipamba, atarudi." Mama akanitazama. Akacheka. Kilikuwa kizuri kile kicheko, meno yote nje, na mimi mpaka leo ningelipa chochote nikifute.

"Simama hapohapo," Kassim akamwambia kijana wa picha. Akaja mpaka kwenye kiti. Akamshika Mama mkono, akaugeuza, akaunusa. Hina ilikuwa mbichi, nyeusi, safi. Akaurudisha mkono kwenye paja. Nikasikia Haboba ameachia pumzi.

Halafu Kassim akasema, "Na miguu?"

Nyinyi msio wa kwetu sharti niwaambie. Kwetu mwanamke mwenye mume anapaka mikono na miguu, nyayo zote, mpaka kwenye kifundo. Mikono mitupu ni kosa. Mikono yenye hina na miguu mitupu haipo kabisa. Haboba alijua hilo tangu kuzaliwa. Lakini Mama alimwomba amwachie kitu kimoja kisicho na uongo, Haboba akamwachia miguu, akasema gurbaba itafunika.

Kassim akachuchumaa. Akashika upindo wa ile nguo kwa vidole viwili, akauinua. Miguu ya Mama ilikuwa pale kwenye sakafu ya saruji, mikavu, myeupe kwa vumbi, haina hata doa. Vidole vilikuwa vimejikunja.

Alichuchumaa muda mrefu. Mimi nilikuwa karibu, niliona jasho likitoka chini ya miwani yake. Haboba hakucheka safari hii. Alisema neno moja tu, lile ambalo mama wa kwetu anamwambia mtoto wake wa kiume, yeyote, hata asiye wake. "Mwanangu."

Kassim akashusha upindo. Akasimama, akajipangusa magoti. Akamwambia kijana kwa Kiswahili chake cha kambini, "Piga kuanzia tumbo kwenda juu. Gazeti haitaki miguu."

Kamera ikalia. Kijana akatoka. Kassim alipopita mbele ya Haboba akasimama, akasema kwa lugha yetu, hamtazami mtu, "Wengine watatumwa kuja kutazama. Mvalisheni viatu."

Basi. Sijui alikuwa mtu mwema. Watu wa mistari ile walikuwa na habari zake na si habari za wema. Picha ile sikuiona gazetini. Fundi Musa hakuguswa, alikuja kuzeekea Bombo, na ndiye aliyenieleza ndege ilivyoanguka. Ile nishani ya kiboksi, Mama aliibandua siku hiyohiyo akaitupa chooni. Nilikuwa nje nikaisikia ikigonga ukuta wa shimo. Zile mbili ninazo mimi. Wajukuu wanaulizana zitauzwa bei gani, na mimi ninawaambia anayetaka kujua aniulize nikiwa kaburini.

Mama alitembea na viatu ndani ya nyumba kwa majuma mengi. Mimi niliendelea kungoja Baba arudi kutoka Gulu.

Halafu mizinga ikaanza kusikika upande wa Masaka, kila siku karibu zaidi. Asubuhi moja malori yakateremka kilimani, moja nyuma ya jingine, askari wamejazana na magodoro, masufuria, mbuzi. Watu wa miwani myeusi walikuwa wamekwisha toweka. Watu wanafunga mizigo, watoto wanaitwa, nami nilikuwa nimeshika kuku mguu nikisubiri Haboba aniambie nimweke wapi.

Haboba hakufunga mzigo. Alitoka mpaka katikati ya mstari, pale penye kamba za nguo. Akatazama juu kilimani, akatazama chini barabarani, kama mtu anayetaka kuvuka. Akaweka mikono kichwani. Akaliita jina la Baba, lile la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, kwa sauti ambayo sikujua mwili mdogo vile unaweza kuiweka ndani muda wote ule.

Watu wakasimama.

Halafu kutoka chumba cha nne mwanamke akajibu, kwa Kilugbara, jina la mumewe. Halafu mwingine, Mkristo wa Kiacholi, akapiga magoti kwenye vumbi. Halafu chumba cha mwisho. Halafu mstari wa juu. Nyumba baada ya nyumba, kila mmoja kwa lugha yake, mpaka malori yalikuwa hayasikiki tena. Wote walikuwa wamefiwa. Wote walikuwa wamekaa na maiti zao ndani ya vyumba vile vya ukuta mmoja, wakifungua redio.

Kuku alinitoka mkononi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amevua viatu. Nikamwendea, nikamwuliza, "Kwa hiyo Baba hakuoa?"

"Hakuoa, mwanangu," akasema. "Lia."